Elementi si sifuri kwenye entropi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma PCB, kidato cha sita, huku Kasulu. Kwenye mmenyuko wa naitrojeni na haidrojeni kutengeneza amonia nimepata ΔH (badiliko la enthalpi, yaani joto la mmenyuko) ya −92.2 kJ, sawa na kitabu. Lakini ΔS (badiliko la entropi, yaani la kipimo cha mtawanyiko wa nishati) nimepata +385 J/K, kitabu kinasema −198.7. Mwalimu wa tuisheni anadai kitabu kimekosewa, maana elementi ikiwa huru thamani yake ni sifuri. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Shika kitabu. ΔH yako sina neno nayo.

Swali hili naletewa kila muhula hapa Tabora, karibu kwa maneno hayo hayo, na najua linakotoka. Ni yale madesa ya fotokopi yanayouzwa msimu wa mitihani, yenye mstari uliokolezwa wino: elementi huru ni sifuri. Sifuri ya nini? Halisemi.

Enthalpi kamili ya kitu hakuna anayeweza kuipima. Kinachopimika ni tofauti, yaani joto lililoingia au lililotoka. Ndiyo maana wanakemia walikubaliana kuanzia mahali pamoja: elementi katika hali yake sanifu, wakapaita sifuri. Ni kama kupima vilima vya Kigoma kuanzia usawa wa maji ya Ziwa Tanganyika. Ruksa, mradi ukumbuke kwamba usawa huo wenyewe uko kama mita 770 juu ya bahari.

Entropi haikuhitaji makubaliano hayo, kwa sababu ina sakafu ya kweli. Walther Nernst aliianza hoja hiyo mwaka 1906, Max Planck akaisukuma hadi mwisho: fuwele kamilifu kwenye kelvini 0 ina entropi sifuri. Ukianza kuipasha moto kutoka hapo, entropi inapanda, elementi isielementi. Ikifika 298 K naitrojeni ina 191.6, haidrojeni 130.7, amonia 192.5, zote kwa J/K kwa moli. Hata almasi ina 2.4. (Sifuri utaiona jedwalini kwa ioni ya haidrojeni ndani ya maji, na hiyo ni ya kukubaliana. Usiihamishie kwenye gesi.)

Basi, kwa N₂ + 3H₂ → 2NH₃, mazao toa viambato: 2 × 192.5 − (191.6 + 3 × 130.7) = 385.0 − 583.7 = −198.7 J/K. Wewe ulibeba upande wa kulia ukautupa wa kushoto. Na hata kabla ya kushika kikokotoo, moli nne za gesi zimekuwa mbili. Alama ya kujumlisha ingekutia shaka.

Usidhani ni alama mbili tu za mtihani. Geuza juli kuwa kilojuli, weka kwenye ΔG = ΔH − TΔS, ambapo T ni jotoridi kwa kelvini, na ΔG ikiwa hasi mmenyuko unapendelewa. Kwa 385 yako, ΔG kwenye 298 K ni −207 kJ, na amonia ingependelewa kwenye jotoridi lolote. Ukweli ni −33 kJ, na jotoridi likifika kama 464 K, sawa na 191 °C, ΔG inakuwa sifuri. Zaidi ya hapo, kwa hali sanifu, mizani inaegemea nyuma. Viwanda hufanya kazi kwenye 400 hadi 500 °C kwa sababu chini ya hapo mmenyuko unakwenda polepole mno hata ukiwa na kichocheo cha chuma, kisha hufidia hasara kwa kanieneo kubwa, angahewa 200 hivi. Naitrojeni ya mbolea anayoweka mkulima wa tumbaku Urambo imepitia humo. Kwa hesabu ya desa, gharama yote hiyo ya kugandamiza gesi ni wendawazimu.

Madesa hayo hayo yanafundisha kwamba mmenyuko unaofyonza joto hautokei wenyewe. Tia chumvi ya Uvinza kwenye maji: inafyonza karibu kJ 3.9 kwa moli, na inayeyuka bila kubembelezwa, kwa kuwa entropi imepanda. Yanafundisha pia kwamba ΔG hasi maana yake ni haraka. Changanya naitrojeni na haidrojeni kwenye chupa mezani, kaa usubiri amonia. Utahitimu chuo kabla haijatoka. Watoto wanalipia vitu hivi, tena kwa pesa ya mzazi aliyeuza mahindi.

Sasa mrudie mwalimu wako, kwa adabu, na kaboni inayoungua. Entropi kwa J/K kwa moli ni hizi: grafiti (ndiyo kaboni yenyewe) 5.7, oksijeni 205.1, kaboni dioksidi 213.7. Kwa sifuri zake atapata +213.7. Jibu ni +2.9. Mwombe akueleze hiyo 210.8 ya ziada imetoka wapi, ilhali imeingia moli moja ya gesi na imetoka moli moja.