Vimistari vya zambarau miguuni: maswali ya wasomaji

Swali: Nina miaka 34. Nyuma ya goti pametokea vimistari vya zambarau kama utando wa buibui. Jirani anasema damu imechafuka. Ni kweli?

Damu yako haina kosa. Hivyo ni vishipa vidogo, kwa kawaida havifiki unene wa milimita 1, vilivyotanuka karibu kabisa na ngozi. Damu ya miguuni hupandishwa kwenda moyoni na misuli ya kigimbi kila unapopiga hatua, na ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, mna vali zinazoizuia isirudi chini. Vali zikilegea, damu hutuama na vishipa vya juu hutanuka. Bonyeza kidole hapo: rangi inafifia; achia, inarudi.

Urithi una mchango mkubwa, kwa hiyo tazama miguu ya mama na shangazi zako. Wamo pia umri, homoni, ujauzito, unene, na kazi ya kusimama kutwa. Kukunja nne kumesingiziwa bure. Vishipa hivi havina madhara kwa wengi, na kuvitibu ni hiari. Ukiona kamba nene zilizojipinda na kutokeza chini ya ngozi, hiyo ni mishipa ya varikosi. Hiyo ionwe na daktari.

Swali: Kuna krimu ya kuviondoa?

Hakuna. Krimu inaishia kwenye ngozi, na mshipa uko chini yake. Soksi za kubana hupunguza uzito na uvimbe wa miguu jioni, lakini hazifuti kilichokwisha kutokea.

Swali: Sindano au leza? Ngozi yangu ni nyeusi.

Kwa miguu, madaktari wengi huanza na sindano. Sindano nyembamba sana huingiza dawa, mara nyingi polidokanoli, inayounguza ukuta wa ndani wa mshipa hadi ukajifunga. Mwili wenyewe huufyonza polepole. Usitarajie kutoka kliniki na miguu mipya. Siku za kwanza huonekana vibaya kuliko mwanzo, kwa michubuko na wekundu, kisha hufifia kwa wiki kadhaa. Vikao mara nyingi huwa zaidi ya kimoja. Madoa ya kahawia yanaweza kubaki kwa miezi, na mara chache hutokea kidonda au damu kuganda.

Leza, yaani mwanga mkali unaounguza mshipa kupitia ngozi, hufaa zaidi usoni na kwa vishipa vyembamba mno. Shida ni kwamba rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga, kwa hiyo ngozi nyeusi inaweza kuungua au kubaki na mabaka. Leza ya mawimbi marefu, nanomita 1064, ni salama zaidi kwako. Kabla ya kulipa, muulize mtoa huduma anatumia leza ipi na amewatibu wangapi wenye ngozi kama yako. Akibabaika, aga.

Tiba yoyote kati ya hizi huondoa vilivyopo tu. Vingine vinaweza kutokea mwakani.

Swali: Vimenitokea nikiwa na mimba ya miezi sita.

Subiri. Vingi hufifia vyenyewe miezi michache baada ya kujifungua, na sindano hizi hazichomwi wakati wa ujauzito. Lala kwa ubavu, inua miguu unapopumzika.

Swali: Mume wangu ana vialama kama buibui kifuani na mabegani. Anakunywa pombe sana.

Hiki ni kitu kingine, na ndilo swali lililonishtua zaidi. Tazama kwa karibu: katikati kuna kitone chekundu, na kutoka hapo vinatawanyika vimiguu. Bonyeza kitone kwa ncha ya kalamu. Vimiguu vitapotea, ukiachia vitajaa tena kuanzia katikati. Kimoja au viwili huwapata hata wenye afya, hasa wajawazito. Vikiwa vingi kwa mnywaji, ini linahitaji kupimwa. Mpeleke.

Swali: Nimesafiri saa nyingi nimekaa. Mguu mmoja tu umevimba, una joto, na kigimbi kinauma. Nivae soksi za kubana?

Hapana. Nenda hospitali leo. Huenda damu imeganda kwenye vena ya ndani, na bonge likikatika linaweza kufika mapafuni. Altrasaundi itaonyesha. Ukianza kubanwa pumzi au kuumwa kifua, hiyo ni dharura. Na usikubali mtu aukande huo mguu.