Begi letu lilirudi Dar kwa basi, sisi tukaenda Zanzibar

Wapendwa habari zenu, shule zinakaribia kufungwa na najua wengi mko kwenye mipango ya safari, naomba niongelee kitu ambacho kilitutesa sana Juni 2023 na sasa hivi hakitutesi tena. Begi. Yani kufungasha begi la likizo.

Safari yetu ilikuwa hivi, Dar mpaka Arusha kwa basi, pale tunachukua gari tunaenda kulala Karatu, tunaingia Tarangire na Ngorongoro, alafu tunarudi Arusha kupanda ndege ndogo pale Kisongo kwenda Zanzibar siku tano, mwisho boti mpaka Dar nyumbani. Watu wanne, mimi, mume wangu na watoto wawili, mmoja miaka 9 na mwingine 5. Ukiiangalia hiyo safari ina baridi na joto, ina vumbi na bahari humo humo, kwahiyo mi nikafungasha kila kitu. Mabegi matatu makubwa ya magurudumu na la mgongoni moja. Kwenye basi yaliingia kwenye buti na hakuna aliyeuliza.

Kisongo ndo tukaulizwa. Ndege tuliyokata tiketi kila mtu ana kilo 15, na kwenye hizo 15 mpaka begi la mkononi limo, na wanataka begi laini sio yale magumu, sababu sehemu ya mizigo kwenye ndege za namna ile ni finyu. Yote hayo yaliandikwa kwenye tiketi ila sikusoma mpaka chini. Watu wanne ni kilo 60, sisi tulikuwa na 81. Watoto wamesimama pembeni wana njaa, mimi nimepiga magoti sakafuni nafungua zipu mbele za watu nachagua nini kiende nini kibaki, hicho kitu sitaki mtu mwingine kimpate. Mwisho shemeji yangu aliyetusindikiza akachukua begi moja zima la kilo 22 akalipeleka stendi, likatumwa Dar kwa basi kama kifurushi.

Sasa sikilizeni hapa. Siku tano zote Zanzibar hakuna mtu aliyeulizia kitu kilichokuwa kwenye lile begi, sio gauni, sio viatu, sio zile taulo nne nilizobeba wakati hoteli walitupa taulo. Kitu kimoja tu kilitutia hofu, inhela ya mwanangu mkubwa ana pumu, nilikuwa nimeihamishia kwenye lile begi kule Karatu bila kufikiria. Usiku wa kwanza kifua kikaanza kubana, baba yake akatoka kutafuta duka la dawa na namshukuru Mungu alilipata wazi. Kwahiyo lile begi lilinifundisha mambo mawili kwa mkupuo, kwamba karibu vyote nilivyobeba havikuwa na kazi, na kwamba kile kimoja chenye kazi kweli nilikiweka pasipo pake.

Tangu hapo dawa haziingii kwenye begi kubwa hata iweje. Dawa, vitambulisho, cheti cha mtoto, chaja, pesa na nguo moja moja ya kubadili kwa watoto vinakaa kwenye begi la mgongoni na hilo halitoki begani kwangu. Na pawabenki nayo humo humo, kwenye ndege hairuhusiwi kukaa kwenye mzigo unaoingia chini sababu betri za lithiamu zinaweza kushika moto, lazima ukae nayo. Zile za mAh 20,000 hazina shida, ni kama wati-saa 74 (kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri) na mashirika mengi ya ndege yanaruhusu mpaka 100.

Nguo sasa. Zamani nilikuwa nafikiria "je ikinyesha, je tukialikwa mahali, je hili likichafuka", kila "je" moja inaleta nguo tatu. Siku hizi nahesabu siku. Nachukua karatasi naandika Jumatatu tuko kwenye basi, Jumanne Tarangire, Jumatano kreta, lile bonde kubwa la Ngorongoro, na chini ya kila siku naandika mtu anavaa nini, kisichokuwa na siku yake hakipandi begi. Na hata safari iwe ya siku kumi nabeba nguo za siku nne tu, kipande cha sabuni kipo, na Zanzibar ukianika fulana saa nne asubuhi adhuhuri unaivaa. Karatu baridi haikauki haraka hivo, kwahiyo fueni mkiwa pwani.

Kuna watu watabisha kuhusu baridi, watasema watoto lazima wabebewe makoti. Ni kweli Ngorongoro ni baridi, pale ukingoni ni zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari na kuanzia Juni mpaka Agosti asubuhi mkisubiri kushuka kreta meno yanagongana, sisi wa Dar hatujazoea kabisa. Ila koti zito moja linakula nusu ya begi na utalivaa masaa matatu. Vaa fulana, juu sweta, juu kabisa jaketi jepesi linalozuia upepo, joto linakaa katikati ya hizo nguo, na jua likitoka unavua moja moja. Na siku ya kusafiri vile vizito, jinzi, raba, jaketi, vivaeni mwilini, mzani wa mizigo haupimi sweta uliyoivaa.

Rangi nayo izingatieni kama mnaingia mbugani. Mi nilimvalisha mwanangu mdogo track suti ya bluu iliyokoza, Tarangire mbung'o wakamfuata yeye, analia mpaka basi. Dereva ndo akatuambia mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi, akatuonyesha na vile vitambaa vya bluu na nyeusi vilivyotundikwa porini, kumbe ni mitego yao. Kaki, kijani, udongo, hizo ndo za kubeba, na vumbi halionekani sana.

Kupanga kwenyewe, kwa watoto nafanya msokoto wa siku. Natandaza fulana, juu yake naweka kaptula, chupi na soksi, naviringisha vyote pamoja kwa kukaza mpaka inakuwa kama mkate wa boflo. Asubuhi mtoto anachukua msokoto mmoja anavaa, hakuna kufukua begi zima kutafuta soksi. Zetu wakubwa naviringisha fulana na jinzi, ila shati la pasi na gauni la kitambaa kizuri nakunja nalaza juu kabisa, ukiviringisha vinatoka na makunyanzi. Viatu chini kabisa, ndani ya viatu soksi. Na kila mtu ana foronya yake ya zamani ya nguo chafu, kabla hazijachafuka naijaza masweta inakuwa mto wa kulalia kwenye basi, Dar Arusha ni safari ndefu jamani, shingo inauma.

Ila kitu ambacho nikiambiwa nibebe kimoja tu ni khanga. Doti moja, vipande viwili, haina uzito. Kwenye basi tulijifunika, Karatu nilijitanda mabegani alfajiri, ufukweni tukakalia, mtoto akitoka majini namfutia, inakauka upesi kuliko taulo lolote. Mji Mkongwe nilijifunga juu ya kaptula nikapita mitaani kwa heshima, maana pale watu wanaishi na kuswali na wanaleta watoto wao madrasa, sio ufukweni, mabega na magoti yafunikwe. Beba doti mbili kama mko na watoto na taulo ziache nyumbani.

Halafu mafuta ya nazi, hili ni dogo ila liliniumiza. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Karatu asubuhi yalikuwa yameganda kama samli nikafunga kifuniko juu juu nikaona hayamwagiki, tumefika Zanzibar yameyeyuka yote, yameingia kwenye gauni nililoshonewa na mama yangu na doa halijatoka mpaka leo. Sasa hivi kimiminika chochote nakihamishia kwenye chupa ndogo isiyozidi mililita 100, nafunga, nazungushia solotepu mdomoni, natia kwenye kimfuko kinachojifunga, basi. Hizo mililita 100 zinasaidia pia kwenye ndege za kimataifa, viwanja vingi ndo kipimo chao cha begi la mkononi. Ile mifuko ya plastiki ya kubebea msiihesabu kabisa, Tanzania bara ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 na Zanzibar walitangulia miaka mingi kabla.

Pimeni nyumbani. Mi napeleka kwa Mangi hapo mtaani ana mzani wa kupimia mchele unafika kilo 30, au unaazima mzani wa kusimama, unajipima mwenyewe, unajipima tena umebeba begi, unatoa. Kama ndege inasema 15 mimi naondoka nyumbani na 12, sababu kurudi kutoka Zanzibar bila karafuu, hiliki, mdalasini na halua za kupeleka kwa wazazi haiwezekani, na hizo kilo tatu ndo nafasi yake.

Fungasheni siku mbili kabla, sio usiku wa kuamkia safari. Usiku wa mwisho uwe wa kutoa tu, hauingizi kitu. Mi huwa namwita mume wangu akae kitandani nikimtolea kimoja kimoja anauliza "hiki siku gani?", nikikosa jibu kinarudi kabatini. Disemba tunaenda Lushoto, watu wanne, na kwenye karatasi yangu mpaka sasa naona tutatosha kwenye begi moja na lile la mgongoni, inhela iko mfuko wa mbele.