Mawazo ya Kutisha Baada ya Kujifungua

Mwanangu alikuwa na siku tisa nilipoanza kuficha kisu cha matoke nyuma ya gunia la mkaa. Kila nilipokishika, picha ya kumchoma iliniingia kichwani bila kuitwa, nami nikatetemeka hadi ndizi ikanidondoka. Hata kabla ya hapo, mimba ikiwa ya miezi saba, nilikuwa nikiosha mboga mara tano tano kwa hofu ya kumtilia sumu tumboni.

Sikumwambia mtu. Huku kwetu Buganda kuna ugonjwa uitwao amakiro, unaosemekana kumpata mama aliyetoka nje ya ndoa akiwa mjamzito, hata akatamani kumla mtoto wake. Nani angethubutu kufungua kinywa? Daktari John Cox, aliyeuchunguza hapa Uganda miaka ya 1970, ndiye aliyeshirikiana na wenzake kutunga yale maswali 10 ya mwaka 1987 ya kutambua sonona baada ya kujifungua, yaitwayo kipimo cha Edinburgh, ambayo humwuliza mzazi waziwazi kuhusu hofu na huzuni yake. Laiti ningeulizwa mapema.

Mkunga niliyemweleza hatimaye aliniuliza jambo moja: "Mama, wazo hilo unalitaka, au linakutisha?" Nililia. Alinieleza kwamba wazazi wengi sana, akina baba wakiwemo, hujiwa na mawazo ya namna hiyo, na kwamba kule kutishika kwangu kulionyesha kuwa sikuwa na nia hiyo. Kilichoyalisha ni kuficha kisu, kukagua pumzi za mtoto usiku kucha na kulifukuza wazo kwa nguvu, kwani kila tahadhari huuthibitishia moyo kwamba hatari ipo.

Kwa hiyo, dada yangu, usishindane nalo. Sema, "Hili ni wazo tu," kisha uendelee na kazi yako. Likikunyima usingizi au likikuzuia kumshika mtoto, mwone mhudumu wa afya ya akili. Yapo matibabu ya mazungumzo, na zipo dawa, kama sertralini, ambazo hata anayenyonyesha anaweza kuandikiwa.

Lakini mama anayesikia sauti zikimwamuru, anayeamini kuwa mtoto wake ni pepo, au anayetaka kweli kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo: apelekwe siku hiyo hiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, au Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Kampala.

Kisu nilikirudisha jikoni kwa mkono wangu. Nilimenya matoke mtoto akiwa amelala mkekani kando yangu. Siku ya kwanza nilimaliza ndizi tatu, na wiki ya pili nikamaliza chane nzima.