Una msandali kwenye shamba? Usifyeke vichaka vya pembeni

Huku kwetu Kajiado mtu akishaambiwa kale kamti ka majani ya kijivu kule kilimani ni msandali, anachukua panga na kusafisha pembeni ati upate hewa. Jamani acheni. Msandali (Osyris lanceolata) mizizi yake inajishikiza kwenye mizizi ya majirani, vichaka kama Rhus natalensis au Dodonaea, na inanyonya maji na chakula huko, sasa ukimaliza majirani huo mti utakula nini?

Mimi nikiutafuta naenda kwenye miteremko ya mawe na kingo za misitu mikavu, kuanzia mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari hadi 2,500. Uko Samburu, Baringo, Makueni, Kitui, Taita. Kwa ukweli umesambaa Afrika mpaka Afrika Kusini, hata India na China upo, ndio maana kuna wanaosema tunalia bure. Lakini hapa kwetu unaisha, na unaisha vibaya kwa sababu mafuta ya manukato wanayotafuta wachimbaji yamejaa mizizini na chini ya shina, kwa hiyo mchimbaji hakati tawi akaacha kisiki kichipue, anang'oa mti mzima na kubaki shimo. Halafu dume na jike ni miti tofauti na wanaopendwa zaidi ni majike, so mlima unaweza kubaki na madume matupu, hakuna tunda, hakuna mbegu. Inauma sana kuona hivyo.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji mwaka 2007, na 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukawekwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini mabroka bado wanapita vijijini na pesa taslimu. Ukiwaona mlangoni kwako, usiwaonyeshe mti uko wapi, piga ripoti KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya.

Ukitaka kuongeza miti, msimu wa maua zunguka uangalie ipi ni jike, uifunge utepe. Tunda likishakuwa jekundu wahi kabla ndege hawajalimaliza, menya nyama yote, panda mbegu ikiwa mbichi na uwe mvumilivu maana inachelewa kuota. Mche ukitoka, weka mche wa Rhus kwenye mfuko huohuo, na siku ya kuhamishia shambani iende pamoja, shimo moja. Miche inayojiotea porini iache hapohapo, ukiing'oa unaitenganisha na jirani anayeilisha.