Bei ya mbwa muulizeni Hajati

Mhariri, wiki hii mmetuuliza hivi: "Vitoto vya mbwa vimepanda bei, je, ni haki mtu kulipa milioni kwa mbwa?" Nimelisoma swali nikiwa kwenye cherehani, nikacheka, halafu kicheko kikaisha. Jibu la haraka: si haki, ni wizi. Ila kuna swali hamkuuliza na ndo hilo limenifanya niache suruali ya watu nishike simu, nalo ni hili, huyo mwenye milioni ya kununua leo, ya kulisha kesho anayo?

Nianze na bei maana ndo mlichouliza. Sisi tuliokulia huku Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, mbwa hatukumjua kama kitu cha dukani. Jike la jirani limezaa, unaenda unachagua, unaacha hata kilo ya sukari kwa heshima, unabeba wako kwenye kikapu basi. Anakula makombo, usiku anabweka, maisha yanaenda. Sa hivi kijana anakuonyesha picha kwenye simu, jemani shepadi milioni na kitu za Uganda, rotwaila zaidi ya hapo, hata kale keupe ka manyoya mengi kanakoitwa spiti nako kanataka malaki. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa "ana pepa", yaani karatasi za ukoo wake. Halafu ukienda Kampala unakuta mtu kwenye foleni ya magari, jua la saa saba, ameshika vitoto viwili mkononi anavipitisha kwenye madirisha. Kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, wazee hawakukosea. Hicho kilichotembezwa juani huenda hakijafikisha hata wiki nane na mama yake, chanjo ya pavo, ule ugonjwa unaoua vitoto vya mbwa, hakijaiona, unakipeleka nyumbani watoto wanashangilia, siku chache baadaye kinatapika na kuhara damu. Na pavo ikishaingia kwako usikimbilie kuleta mwingine, kile kirusi kinakaa kwenye udongo miezi na miezi, sabuni ya kawaida haikiui, kinataka jiki.

Sasa niwape ya ploti yetu kule mtaa wa Sofia, hapa hapa Busia, mkichoka mruke.

Ploti ni ya Hajati mmoja, vyumba vimepangana mstari, bomba moja, mwembe mmoja. Chumba cha mwisho alikaa kijana wa kubadilisha pesa, wale wanaosimama mpakani na mabunda ya shilingi za Kenya na za kwetu. Kijana mzuri tu, salamu anazo. Siku moja tiketi yake ya beti ikakubali. Nani asingefurahi? Ila wewe ungelipa kodi yako ya nyuma, ungeongeza mtaji, si ndiyo? Yeye alipanda basi akaenda Kampala akarudi na jemani shepadi ndani ya boksi la biskuti. Akamwita Dola. Wallahi ploti nzima ilihamia mlangoni kwake, na mimi nilikuwepo, yale masikio bado hayajasimama, moja limelala moja linajaribu, nani angemkataa.

Mwanzo Dola alikuwa anakula kuliko sisi. Maziwa, soseji, nyama ya kusaga. Beti zikaanza kukataa, ikawa posho, yaani ugali, na mukene, wale dagaa, baadaye posho na maji yaliyochemshiwa mukene, baadaye posho. Na mbwa mwenyewe alikuwa anakua, bwana, kila wiki mkubwa zaidi, mpaka siku kijana akamfunga mnyororo mfupi kwenye mwembe, karibu na bomba, na hapo ndo taabu ikaanza. Huyu ni mbwa wa kazi, huko kwao Ujerumani walimkuza achunge kondoo, anataka kukimbia, anataka kuambiwa fanya hivi fanya vile. Wewe umemfunga hatua tatu, asubuhi unatoka kwenda mpakani unarudi usiku, hata jina lake humwiti. Alibweka. Alibwekea maji, alibwekea nguo kwenye kamba, alibwekea mwezi. Kuchota maji tukawa tunazunguka nyuma ya choo.

Hajati ni mtu wa swala tano, mbwa hamgusi, akilambwa chombo chake ataosha mara saba kama alivyofundishwa. Lakini ndiye aliyekuwa anamsogezea Dola bakuli la maji kwa mti mrefu wa kudekia. Alimwambia yule kijana mbele yetu, "Mwanangu, huyu kiumbe ana haki juu yako. Kuna mtu alisamehewa kwa Mungu kwa kumteremkia mbwa kisimani akamchotea maji na kiatu, wewe bomba liko hapa." Kijana akasema ndiyo Hajati, sawa Hajati. Mnajua ile ndiyo.

Mnyororo ukakatika Jumamosi mchana, Dola akamrukia mtoto wa mama chapati, kamshika mguu nyuma. Mtoto mwenyewe wa pi tatu, darasa la tatu. Mmoja analeta mafuta ya taa, mwingine ati pilipili, mwingine anatafuta kamba afunge mguu, na Hajati kutoka kwenye baraza anapiga kelele sabuni! sabuni na maji ya bomba! Akamkalisha mtoto chini ya bomba robo saa nzima, mtoto analia, mama analia, yeye anamwaga maji tu. Baadaye daktari alisema pale ndo palimsaidia sana, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zikishaonekana kwa mtu hakuna dawa, kazi yote iko kabla, kuosha na sindano mapema.

Basi kijana akaulizwa, kadi ya chanjo iko wapi? Akaingia ndani akatoka na faili. Jamani. Baba yake Dola ameandikwa, mama ameandikwa, babu alishinda sijui mashindano gani, muhuri upo, saini ipo. Sindano ya kichaa cha mbwa haipo. Babu wa mbwa anajulikana, sindano haijulikani! Na hiyo ndo milioni tunayoizungumzia hapa mhariri.

Kituo cha kwanza mtoto alipopelekwa sindano zilikuwa zimeisha, wakaambiwa jaribuni kwingine, wakajaribu kwingine kwa pesa. Na sindano siyo moja, unachoma leo, unarudi siku ya tatu, ya saba, unarudi tena, na kila ukirudi ni nauli na ni siku ambayo chapati hazikupikwa. Pesa ya unga ya yule mama iliishia hapo. Hajati alitoa kwenye kodi zetu, sisi wengine tukachanga, kijana akaahidi.

Upande wa mbwa vijana wa malori walishashika mawe. Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, akaja na daktari wa mifugo, daktari akasema msimuue, mfungeni vizuri mumwangalie siku 10, akiwa hai na mzima siku hizo zikiisha basi siku aliyouma hakuwa na kichaa kwenye mate, mkimuua leo bila kumpima mtabaki na wasiwasi. Haya, tukawa tunaamka kumwangalia Dola. Watu ambao hawajawahi kumtupia hata mfupa, asubuhi kabla ya mswaki wako kwa mwembe, amekula? amekunywa? anatembea sawa? Sidhani kama kuna mbwa Busia aliwahi kuulizwa hali namna ile. Na mwenye mbwa? Siku za kumwangalia hazijaisha akavuka na godoro lake upande wa Kenya, usiku. Faili aliliacha.

Mtoto yuko salama, Alhamdulillah. Dola naye alimaliza siku zake, akapigwa chanjo, akachukuliwa na mwenye stoo ya mahindi karibu na maegesho ya malori, ana uwanja, ana kazi, amenenepa. Deni la Hajati halijalipwa mpaka naandika hapa.

Sasa wakati naandika haya nimeanza kujibishana mwenyewe. Nilisema milioni ni wizi. Lakini Dola angekuwa wa bure yule kijana angemtunza vizuri zaidi? Wapi. Tuseme ukweli, wale wanaozurura sokoni na mbavu nje, wale wanaowekewa sumu, siyo jemani shepadi, ni wa kienyeji tuliowabeba bure na kikapu na tukawaacha bure. Kwa hiyo bei ndogo haikumlinda mbwa yeyote. Na bei kubwa nayo haikumzuia kijana, siku ile pesa alikuwa nayo, tena mi naona ile milioni ndo iliyomvuta, angeambiwa laki moja asingepanda hata basi.

Wala siyo sisi tu. Uingereza korona ya 2020 watu walipofungiwa ndani kila mtu akataka mbwa, bei ikaruka karibu mara mbili, mambo yalipofunguliwa wengine wakaanza kutafuta wa kuwaachia. Ila wenzetu wana jambo moja nalipenda, England tangu Aprili 2020 dalali haruhusiwi kuuza kitoto cha chini ya miezi 6, ukitaka cha kununua unaenda kwa mfugaji mwenyewe na unamwona na mama yake. Hapa kwetu ukiuliza mama yuko wapi unaambiwa yuko Kampala.

Kwa hiyo mhariri, mkinibana niseme ndiyo au hapana, nashangaa kujisikia nasema ndiyo, milioni ni haki. Lakini sikilizeni vizuri: milioni yenye chanjo za mwanzo kwenye kadi, dawa ya minyoo, mama nimemwona na macho yangu, na muuzaji ambaye nikishindwa atapokea mbwa wake. Hiyo hata iongezwe sitalia. Milioni ya babu na muhuri bado ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Na wa kienyeji waendelee kuwa wa bure, naomba sana, ila sindano ya kichaa apate akifika miezi mitatu na arudiwe. Kuna siku wilaya zinachanja bure, mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, tangazo linapita na kipaza sauti sisi tunaendelea kukaanga mandazi.

Mwenye ua wake, geti lake na mtu wa kushinda nyumbani, mengi niliyosema hayamhusu, anunue wa milioni mbili akitaka. Mpangaji mwenzangu mwenye chumba kimoja, kabla ya kupanda basi pita kwanza kwa mwenye ploti. Na mimi nampa majina ya watu wawili, la Hajati na la mama chapati, wamweleze hesabu.