Geti jeusi la tatu: maswali yenu kuhusu nambari za nyumba

Nilistaafu kazi ya kupima ardhi, lakini simu zenu hazijastaafu. Safari hii maswali mengi yametoka pembeni mwa Nairobi, kule ploti za futi hamsini kwa mia zinakochipuka kuliko mahindi, na karibu yote yanazunguka jambo moja: siku ya shida, gari la wagonjwa au la zimamoto litatupataje?

Mzee, sisi tuko Kamulu. Tukipiga simu ya dharura huulizwa tuko karibu na nini. Tunasema: kanisa la mabati, kisha geti jeusi la tatu. Si hiyo inatosha?

Haitoshi, na nilijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita shemeji yangu alizidiwa usiku nyumbani kwake, upande huo huo wa barabara ya Kangundo. Nikamwelekeza dereva wa ambulensi mimi mwenyewe, mtu aliyekula mshahara wa ramani maisha yake yote: acha lami kwenye steji, pita kanisa la mabati, geti jeusi la tatu kushoto. Kumbe makanisa ya mabati yalikuwa mawili. Na mageti je? Ungedhani fundi mmoja alinunua mtungi mmoja wa rangi akamaliza mtaa mzima. Dereva alizunguka karibu nusu saa, mpaka kijana wa bodaboda akamwongoza. Shemeji yuko hai, na kila Krismasi hunikumbusha.

Maelekezo ya aina hiyo hutungwa kwa ajili ya mtu anayepajua. Dereva wa dharura hapajui, anakuja gizani, pengine stima imepotea, na duka ulilomtajia limefungwa. Anataka vitu viwili tu: jina la barabara lililoandikwa pale anapoacha lami, na nambari getini. Tena ukipiga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, taja mahali kwanza, ugonjwa baadaye. Simu ikikatika, afadhali wajue ulipo bila kujua unaumwa nini.

Kwa nini tusiandike tu nambari ya hati miliki kwenye geti? Ile tayari ni rasmi.

Ni rasmi, ila ni ya shamba, si ya barabara. Nambari hiyo hutaja eneo la usajili, mara nyingi bloku, halafu kipande. Kipande kinapogawanywa, nambari ya zamani hufungwa na vipande vipya hupewa nambari zinazofuata kwenye rejista. Ndiyo maana, tuseme, ploti 4310 inaweza kupakana na 312, nayo 4311 ikawa ng'ambo ya mto. Msajili wa ardhi hana shida na hilo, kwa sababu ana ramani mezani. Dereva hana. Isitoshe, sioni sababu ya kutangaza nambari ya hati yako barabarani katika mji huu wenye madalali wengi hivi.

Sanduku la Posta pia halisaidii, kwa waliouliza. 00100 ni posta kuu ya Nairobi. Haijawahi kuwa nyumba ya mtu.

Chama chetu cha wakazi Ruai kilipanga nambari 1 hadi 40. Mwaka mmoja baadaye watu wameuza nusu za ploti na sasa tuna 12A, 12B, 12C na 12 "mpya". Tulikosea wapi?

Mlihesabu nyumba. Mngehesabu mita.

Hili ndilo swali nililokuwa nikilisubiri, mniruhusu nilikalie. Australia na New Zealand, ambako jirani wa shambani anaweza kuwa kilomita mbili, nambari ya mashambani hutokana na umbali wa geti kutoka barabara inapoanzia. Hupima mita, hugawanya kwa kumi. Upande wa kushoto hupewa witiri (1, 3, 5), wa kulia shufwa (2, 4, 6). Zimamoto akiambiwa nambari 1530 anajua kabla hajawasha gari kwamba geti liko kilomita 15.3 kutoka makutano, mkono wa kulia. Nambari yenyewe ni maelekezo. Na kwa kuwa kati ya geti na geti zimebaki nambari ambazo hazijatumika, mtu akikata shamba lake, geti jipya lina nambari yake tayari, bila A wala B.

Kwenu kugawanya kwa kumi hakutatosha, kwa sababu futi hamsini ni kama mita 15 tu, na mageti mawili ya upande mmoja yanaweza kuangukia nambari moja. Gawanyeni kwa tano. Geti lililo mita 340 kutoka lami, mkono wa kulia: 340 kwa tano ni 68. Basi ni 68. Mwenye ploti hiyo akiuza nusu na mnunuzi akafungua geti kwenye mita 351, jibu ni 70 na ushei. Huyo ni 70. Walio kushoto wachukue witiri iliyo karibu, na jibu likiangukia katikati, wapande juu. Dereva naye hufanya hesabu kinyume: 68 mara tano, mita 340 kwenye kioo chake cha kilomita.

Pimeni kwa tepu ya mita 50, si kwa hatua za mwenyekiti. Sifuri yenu iwe mahali ambapo hapatahama: ukingo wa lami, wala si steji, maana steji zetu huhama na upepo. Kila geti lipimwe kwa hesabu ya kutoka sifuri, si kutoka geti lililotangulia, la sivyo kosa dogo la mwanzo litawafuata mpaka mwisho wa barabara.

Tuliweka vibao vya chuma, vikaibwa ndani ya wiki tatu.

Bila shaka. Mnakumbuka mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu nguzo na nyaya za stima zilikuwa zikiyeyuka usiku. Kibao chenu ni kitoweo kidogo tu. Pakeni rangi kwenye nguzo ya zege au ukutani. Tarakimu ziwe na urefu wa sentimita kumi au zaidi, nyeupe juu ya rangi nyeusi. Ongezeni utepe wa riflekta kama ule wa jaketi za bodaboda, unaong'aa ukimulikwa. Nambari isomwe na anayetoka pande zote mbili. Halafu pogoeni kayaba! Nimeona nambari nzuri sana zimelala ndani ya ua tangu mvua za masika.

Mimi hutuma pini ya WhatsApp. Bado nahitaji kupaka rangi ukuta?

Tuma pini, lakini paka. Pini inahitaji bando, simu yenye chaji na mtu wa upande wa pili aliye na simu janja mkononi. Na je, yaya wako wa miaka kumi na tisa, mtoto ana degedege mikononi mwake, atatafuta alama ya pini?

Wale mnaosoma latitudo na longitudo kwa simu, angalieni ile alama ya kutoa. Nairobi iko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo yake huanza na kutoa 1. Ukiiacha, umempeleka dereva Samburu, upande wa Maralal, kama kilomita 280 kaskazini. Plus Codes za Google, yaani misimbo mifupi ya kutaja mahali, zina nafuu hapo: hutumia herufi na tarakimu 20 tu, hazina vokali, hazina 0 wala 1 za kuchanganya, na msimbo kamili wa kawaida hutaja mraba wa takriban mita 14 kwa 14. Uandike nyuma ya mlango pamoja na nambari ya geti. Muulize kwanza anayepokea simu kama anautumia.

Sisi wa vichochoro vya Kibera tupime mita za nini?

Msipime. Gari haliingii, kwa hiyo kinachohitajika ni nambari za milango na mahali pamoja pa kukutania kando ya barabara. Vijana wa Map Kibera walianza kuchora vichochoro hivyo mwaka 2009. Anzeni na ramani hiyo badala ya karatasi tupu.

Kaunti ikija na nambari zake?

Mtazifuta zenu na kupaka zake. Kupa barabara majina rasmi ni kazi ya serikali, nanyi msigombane nayo. Mpeni nakala ya orodha yenu msimamizi wa wadi, chifu, na kituo cha zimamoto kilicho karibu.

Wazazi wangu wako kijijini Makueni, mita mia sita ndani kutoka barabara ya murram, njia moja na nyumba nyingine nne. Nambari ikae wapi?

Si kwenye nyumba. Ikae pale njia inapoachana na murram: nambari zote tano juu ya nguzo moja, na mshale. Kila njia inapogawanyika ndani, nguzo nyingine yenye nambari za upande huo. Hapo kugawanya kwa kumi kunatosha kabisa. Kubalianeni na majirani kwamba simu ya dharura ikipigwa, mtu mmoja anatoka na tochi kusimama kwenye murram, hata kama aliyeugua si wake. Mama naye aiandike nambari ukutani karibu na jiko, kwa mkaa ikibidi.