Jibu: Macho ya manjano, bandeleti inasema bilirubini hakuna

Jambo ndugu. Unasema mgonjwa wako hapo Bukavu ana macho ya manjano na mkojo wa rangi ya chai kali, ila bandeleti (kijikaratasi cha kupima mkojo) haioni bilirubini, ile rangi ya manjano inayotokana na chembe za damu zilizovunjika. Kwanza, kikopo cha mkojo kilikaa wapi? Mwanga huharibu bilirubini. Kama kilishinda dirishani tangu asubuhi, jibu hilo liache. Chukua mkojo mpya, ufunike, upime ndani ya saa 1. Soma kwa sekunde zilizoandikwa kwenye chupa ya bandeleti, mara nyingi 30 kwa bilirubini na 60 kwa urobilinojeni (kitu kinachotokana na bilirubini ikifika utumboni). Uliza pia dawa: vitamini C nyingi huficha bilirubini, na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupaka mkojo rangi ya chungwa hata ini likiwa zima.

Bilirubini ikibaki hasi huku urobilinojeni iko juu, fikiria chembe nyekundu za damu zinazovunjika. Kwetu huku anza na kipimo cha malaria.

Bilirubini ikitokea, uliza rangi ya choo. Kikiwa kimepauka, huenda njia ya nyongo imeziba. Usingoje urobilinojeni isome sifuri: bandeleti haitofautishi kidogo na hakuna kabisa. Hapo ni ekografia (picha ya ultrasound) na bilirubini ya damu. Akiwa na homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, apelekwe hospitali leo leo.